Bambo la Daktari: Jinsi Saratani Inavyotafutwa Hata Ikathibitishwa
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka 10 ya Chama Kikuu, Singida



Najua wengi wenu mlitaraji kwamba nikisimama hapa leo nitafungua daftari la hesabu, nieleze gunia ngapi za alizeti zilipita katika mizani zetu kwa miaka hii 10, na deni lipi limelipwa na lipi bado. Hesabu hizo zimechapwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki, naye apendaye kuzikagua azikague; sitazikimbia. Lakini nimeiomba Bodi ruhusa niutumie muda wangu kusema juu ya ugonjwa wa saratani, ambao wengi wetu twauita kansa, na hasa juu ya njia waifuatayo madaktari tangu wanapoushuku mpaka wanapoweza kusema kwa yakini kuwa ndio au sio.

Mimi si daktari. Elimu yangu iliishia sekondari, na kazi yangu ni kalamu na stakabadhi. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa kukaa sana kwenye mabenchi ya hospitali nikimngoja mama yangu. Habari zake nitazieleza kwa wakati wake.

Kila ajuaye ghala letu anajua bambo. Gunia limejaa, limeshonwa, na kwa nje lapendeza. Karani halifungui wala halimwagi. Hulichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, na punje chache zikamwangukia kiganjani. Kwa punje hizo atajua kama ndani mna mchanga, mna unyevu, au mmeingia ukungu. Sijapata kumwona mkulima akilia kwamba gunia lake limetobolewa. Hulia pale daraja linapotajwa bila bambo kutumika, na hapo ana haki ya kulia. Nawaombeni mlishike bambo hilo akilini, maana nitalirudia.

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, ndogo mno hata jicho tupu haliwezi kuziona. Seli huzaa seli nyingine kwa kipimo, nazo zilizochakaa hufa zikapisha. Saratani huanza pale seli inapoacha kukitii kipimo hicho, ikawa yazaa tu, na watoto wake nao wazaa vivyo hivyo. Si kila uvimbe ni saratani. Uko uvimbe ukuao ukatulia mahali pake, kama jirani mwenye ng'ombe wengi lakini anayeheshimu mpaka. Saratani haina mpaka. Huingia katika nyama iliyo karibu, kisha mbegu zake huchukuliwa na damu, au na mishipa ile ipitayo kwenye mitoki, zikaota katika ini, mapafu au mifupa. Kwa hiyo daktari ana maswali matatu: je, ni saratani? Ni ya aina gani? Na imekwisha kufika wapi?

Huanza kwa masikio na mikono. Atakuuliza uvimbe ulianza lini, wakua kwa kasi gani, kama unameza chakula kwa shida, kama umekonda bila sababu, kama kuna damu isiyo ya kawaida katika haja, katika mkojo, au kwa mwanamke nje ya siku zake. Atauliza juu ya kidonda kilichokaa wiki nyingi kisipone, na kikohozi kisichokoma. Atauliza pia kama katika ukoo wenu yuko aliyeugua hivyo. Wazee wengine huona maswali haya kuwa ni ya udaku, wakajibu nusu. Nawaambia kwamba jibu la nusu ni sawa na mizani iliyofungwa kamba. Kisha daktari atapapasa uvimbe wenyewe, kama ni mgumu, kama unasogea au umeng'ang'ania, na atapapasa makwapa, shingo na kinena akitafuta mitoki iliyovimba.

Jambo moja lazima nilitaje kwa mkazo, kwa sababu ndilo lililotudanganya nyumbani kwetu. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Sisi wakulima tumezoea kwamba kiumacho ndicho kibaya, na kisichouma kingoje mavuno yaishe.

Baada ya mikono huja picha. Ipo eksirei, ambayo huonyesha mifupa na mapafu. Ipo ultrasaundi, itumiayo sauti isiyosikika na masikio yetu, nayo huweza kutenganisha uvimbe wenye maji na ule ulio nyama tupu. Kwa matiti ipo eksirei ya namna yake iitwayo mamografia. Ipo mashine kubwa ya siti skani, ambayo huupiga mwili picha kama mkate uliokatwa vipande vyembamba, na daktari akatazama kipande kimoja kimoja. Kwa tumbo na umio, yaani njia ya chakula, hupitishwa mpira mwembamba wenye taa na kamera. Haupendezi kuumeza, nami sitawadanganya, lakini humwezesha daktari kukiona kidonda kwa macho yake, na kukinyofoa kipande hapo hapo.

Wengi huniuliza, "Katibu, kwa nini wasinipime damu tu wakamaliza?" Ni swali zuri. Saratani za damu yenyewe huweza kuonekana katika damu, na uboho wa mfupa ukathibitisha. Lakini uvimbe mwingi hauna alama ya hakika katika damu. Wazee wanaume wamesikia juu ya kipimo cha tezi dume kinachoitwa PSA. Kipimo hicho hupanda kwa saratani, na hupanda pia kwa tezi iliyokua kwa uzee tu au iliyoingia maradhi mengine. Ni kama kipima unyevu chetu: kikisoma juu, chakwambia ufungue macho, hakikwambii ni mvua iliyopenya bati au ni alizeti iliyovunwa mbichi.

Basi picha, damu na mikono hushuku. Athibitishaye, isipokuwa katika mambo machache, ni bambo.

Bambo la daktari ni sindano. Kuna sindano nyembamba inayovuta seli chache, na kuna iliyo nene kidogo inayotoa kijipande cha nyama chembamba kama kijiti cha kiberiti au chini ya hapo. Pengine hutumika kisu kidogo, na mahali pakishatiwa ganzi. Kijipande hicho hutiwa mara moja katika kichupa chenye dawa iitwayo fomalini, ili kisioze na seli zake zikae vile zilivyokuwa mwilini. Dawa iwe nyingi kuliko nyama, kadiri ya mara 10. Nyama ikisongamana katika dawa haba huoza katikati. Kwenye kichupa huandikwa jina na sehemu ya mwili ilikotoka. Nimeona mimi mwenyewe muuguzi akikisoma kibandiko mara mbili kwa sauti kabla ya kukifunga, na nikawaza makarani wetu wa mizani, ambao baadhi yao ningependa wangekuwapo pale.

Safari ya kijipande hicho yastahili kuelezwa, maana ndiyo inayotufanya tuambiwe "rudi baada ya wiki mbili" nasi tukadhani tumesahauliwa. Maabara hukitoa maji yote, kisha hukizamisha katika nta iliyoyeyushwa. Si nta ya nyuki wetu wa Itigi, bali ni ile ya mishumaa. Nta ikiganda, nyama huwa ngumu kiasi cha kukatika. Mtaalamu huikata kwa wembe wa mashine vipande vyembamba ajabu, unene wake kama sehemu 4 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Kila kipande hulazwa juu ya kioo. Lakini bado hakionekani vizuri, kwa kuwa nyama nyembamba hivyo haina rangi, na hapo ndipo hutiwa rangi mbili. Moja ni ya waridi. Ya pili, iliyo samawati ya kukoza, asili yake ni moyo wa mti uotao Amerika ya Kati. Mti huo hupasuliwa na kuchemshwa kama bibi zetu walivyochemsha magome. Rangi hii ya mti hushika kiini cha seli, ile ya waridi hushika mwili wake.

Ndipo daktari wa patholojia, ambaye mgonjwa huenda asimwone hata siku moja, hukaa mbele ya hadubini na kutazama. Seli njema zimepangika, viini vyake vyafanana kama punje za shamba moja. Seli za saratani viini vyake ni vikubwa, vyeusi, havilingani, na zimevuka mahali pasipo pao. Akisha kuona hayo huandika aina ya saratani na ukali wake. Kwa saratani ya titi, nyama hiyo hiyo hupimwa tena ili ijulikane kama yakua kwa kulishwa na homoni za mwili, maana ikiwa ndivyo, kuna vidonge vya kuizuia, na kama sivyo vidonge hivyo ni bure. Mwaona basi kwamba kijipande kile hakisemi ndio au sio tu. Ndicho kichaguacho dawa. Katika nchi yetu kazi hii hufanywa katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, na kwa matibabu yenyewe ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika jengo lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 ufukweni Dar es Salaam, ikafanywa taasisi ya kujitegemea mwaka 1996.

Nitawapeni kisa kimoja kilichotokea jirani zetu Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili. Hakuujua ugonjwa ule. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, akatazama dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akatoka, akampapasa, akakuta na tumboni mna uvimbe. Akarudi Mulago kupekua faili, na mwaka 1958 akaandika alichokiona. Wenziwe wa patholojia pale Kampala walipotazama vipande kwa hadubini, wakabaini kuwa uvimbe wa taya na ule wa tumbo, ambao awali ulihesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali, ulikuwa saratani moja ya mitoki. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wawili wenziwe walipanda gari kuukuu, wakasafiri wiki 10 na maili zipatazo 10,000, wakapita na hapa kwetu Tanganyika, wakiwaonyesha waganga wa hospitali picha za watoto wale na kuuliza, "Mmepata kumwona wa namna hii?"

Vipande vya nyama vilipelekwa kwa ndege London kwa mtafiti Anthony Epstein. Safari moja, mwishoni mwa mwaka 1963, ukungu uliizuia ndege kutua London, ikaenda kutua Manchester, na kichupa kikachelewa. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama kitu kilichooza. Mtu mwingine angeyamwaga. Wao wakatia tone chini ya hadubini, wakaona kuwa uchafu ule ni seli hai zilizobanduka katika nyama. Kutokana na seli walizofaulu kuziotesha, mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina la wawili kati yao. Mambo makubwa hivyo yalitoka katika kichupa cha mtoto wa Uganda, kwa sababu wazazi walikubali akatwe kijipande, na kwa sababu kila aliyekipokea alikitazama.

Sasa niseme juu ya hofu yetu. Katika vijiji vyetu, Iramba kama Ikungi, Mkalama kama Manyoni, utasikia: "Ukiguswa na chuma, kansa inasambaa." Nami nilikuwa nikiliamini. Nilimwuliza daktari, naye hakunicheka. Alisema zipo sehemu chache za mwili ambazo wao wenyewe hawapendi kuzichoma, kama kende, na hapo huondoa yote nzima. Wanajua mahali pa sindano na mahali pa kutochoma. Lakini kwa titi, mtoki, au uvimbe wa kawaida, sindano haileti msiba huo. Imani yetu imetoka wapi basi? Mgonjwa hukaa nyumbani mwaka mzima, akazunguka kwa waganga wa mizizi, na ugonjwa ukatembea ndani kwa ndani. Siku anayofika hospitali umekwisha kuenea. Huchomwa sindano mwezi wa Machi, akazikwa mwezi wa Juni, nasi makaburini twaihesabu sindano. Ni kama kumlaumu karani aliyelitoboa gunia, hali alizeti ilioza shambani.

Tena, vijipande vingi vya matiti vinavyopimwa hurudi na jibu kwamba si saratani. Watu hao hulala usingizi siku ile. Huzuni yao ya miezi yote ilikuwa ya bure.

Mama zangu, kwa mlango wa kizazi, ambao saratani yake ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote, kuna kipimo kisichongoja maabara. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki nyepesi ya hospitali, akangoja kama dakika moja, na sehemu yenye seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Palipo hivyo, na saratani bado haijawa, mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandisha au kwa joto. Muuguzi akiona jambo la kutia shaka zaidi, hapo bambo huja tena. Wahusikao hasa ni wenye umri wa miaka 30 hadi 50. Nawaomba wanaume wenzangu wasiwe ndio kizuizi cha mlango.

Sasa nirudi kwa mama yangu, na mniwie radhi.

Alikuwa na uvimbe titini, mdogo kama punje ya karanga, kisha kama yai la njiwa. Aliuficha chini ya kanga kwa miezi minane, maana haukumwuma, na maana mwanawe wa kwanza ni mwanamume naye aliona haya kumwambia. Alipoambiwa mke wangu nikajua. Hospitali walimpapasa, wakampiga ultrasaundi, wakamchoma sindano, hakulia. Tukaambiwa turudi kuchukua majibu baada ya wiki mbili.

Wiki hizo mbili ziliangukia msimu wa ununuzi. Magari yalikuwa yamepanga foleni ghalani, fedha za wakulima zilikuwa hazijafika benki, na mimi nilikuwa nalala ofisini. Nilisema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu ikawa nyingine, na nyingine. Nilikwenda baada ya wiki tisa. Jibu lilikuwa limekaa tayari kwa wiki saba, katika bahasha, ndani ya droo, jina la mama limeandikwa vizuri. Hapakuwa na mtu aliyekosa ila mimi. Katibu ambaye hakupata kuruhusu gunia moja lipite bila bambo, nilikuwa nimechoma bambo kwa mama yangu mzazi nisitazame kiganjani.

Alitibiwa Dar es Salaam. Alikaa nasi mwaka mmoja na miezi miwili, akaona mjukuu mmoja zaidi, akafariki. Nilimwuliza daktari kama wiki zile saba ndizo zilizomwua. Alinijibu kuwa hawezi kusema hivyo, kwa kuwa miezi minane ya kwanza ilikuwa mirefu zaidi, wala hawezi kusema sivyo. Jibu hilo ninalo.

Ndugu Mwenyekiti, kwa ajili hiyo nimeleta hoja mbele ya mkutano huu, na Bodi imekubali ijadiliwe. Naomba kila chama cha msingi kitenge shilingi 2 katika kila kilo ya alizeti inayopita katika mizani yake, ziwe mfuko wa nauli ya mwanachama aliyeandikiwa na daktari aende kupimwa au kuchukua majibu. Chama kinachokusanya tani 200 kitapata shilingi 400,000, nazo zatosha watu wasiopungua 8 kwenda Dodoma na kurudi. Si fedha ya matibabu. Hatuna uwezo huo, na nisiwadanganye. Pamoja na mfuko, naomba kuwe na daftari moja dogo, likae kwa mtu mmoja atakayechaguliwa na wanachama, mwanamke kwa ajili ya wanawake ikiwezekana. Ndani yake pasiandikwe ugonjwa wala sehemu ya mwili. Paandikwe jina la aliyetaka mwenyewe kuandikwa, siku aliyochukuliwa kipimo, siku aliyoambiwa majibu yatakuwa tayari, na siku yalipochukuliwa. Nafasi ya mwisho ikikaa tupu kupita siku tatu, mwenye daftari aende nyumbani kwa mtu huyo na nauli mkononi, hata kama ni msimu wa ununuzi, na hasa kama ni msimu wa ununuzi.

Wako watakaosema kuwa kazi ya ushirika ni mazao. Nimelisikia neno hilo katika Bodi, na aliyelisema ni mzee ninayemheshimu. Namwomba ayatazame majina yaliyopigwa mstari mwekundu katika daftari la wanachama wa chama chake, akumbuke kila mmoja alilima ekari ngapi.

Mkipitisha, masharti yatapelekwa kwa Mrajis kama sheria inavyotaka. Hoja imeandikwa katika ukurasa wa ajenda, nambari 9, baada ya taarifa ya mkaguzi. Daftari la kwanza nimekwisha kulinunua kwa fedha yangu, na mistari yake nimeipiga kwa mkono. Liko hapa mezani, nanyi mwaweza kulitazama wakati wa chakula.